Safari ni ya nani? Kumsoma Salim bin Abakari kutoka Chikongola

Mwaka 1901, huko Göttingen, Ujerumani, kitabu kimoja kilitoka kwa majina mawili. Toleo la Kiswahili liliitwa "Safari za Wasuaheli". La Kijerumani, la mhariri yuleyule Carl Velten, lilipewa jina refu, ambalo kwa lugha yetu ni kama hivi: Masimulizi ya Waswahili kuhusu misafara ya von Wissmann, Dk. Bumiller, Graf von Götzen na wengineo. Masimulizi ni yaleyale. Ila kwenye jalada la kwanza wenye safari ni Waswahili, na kwenye la pili wenye safari ni mabwana wa Kijerumani, Mswahili kabaki shahidi tu.

Nimekaa na hilo jambo wiki nzima hapa Chikongola, kwa sababu naona ndani yake kuna ugonjwa wa maandishi mengi ya utalii tunayoyasoma leo kwa Kiswahili.

Humo kitabuni watu wengi humkimbilia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, na wana haki yao. Mimi nataka kumtaja Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro, aliyetuachia "Safari yangu ya Urusi na Siberia". Mwaka 1896 alifuatana na Theodor Bumiller, afisa aliyewahi kuwa na Wissmann Afrika Mashariki, wakaivuka Urusi hadi Siberia. Fikiria, ndugu msomaji: mtu wa visiwa, wa minazi na majahazi, anaingia kwenye nyika za baridi, nchi za wafugaji wanaohama na mahema yao ya sufi na kunywa maziwa ya farasi. Akarudi na kuyasimulia kwa Kiswahili, kabla Mtwara hii ya leo haijawa mji.

Kinachonivuta kwa Salim ni pale anapoliweka jicho lake. Yeye hakuwa mkubwa wa msafara, alikuwa mtumishi. Mtumishi hana nafasi ya kusimama mbali akasifia mandhari. Anataka kujua watu wanakula nini, wanalala wapi, wanamwabudu nani, na yeye mwenyewe atapokewaje. Kwa hiyo nyika ya Salim ina watu. Haisomeki kama picha ya ukutani.

Lakini tusimfanye malaika. Safari ile ililipiwa na mkoloni, na waandishi wa kitabu kile walitoka pwani na majivuno yao ya uungwana. Neno "mshenzi" halikosekani humo, hasa wanapoandika juu ya watu wa bara letu wenyewe. Wafugaji nao tunawapata kwa kinywa cha mgeni tu. Wakati ule Warusi waliwaita Wakazaki kwa jina la jirani zao, Wakirgizi, na jina lile lisilo lao ndilo lililoandikwa kwenye ramani na vitabu vya serikali. Reli ya Siberia ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1891, na mwaka uleule wa safari ya Salim serikali ya Urusi ikaunda idara ya kuwahamishia wakulima kwenye nchi hizo. Watu walikosewa jina kwanza, malisho yao yakagawiwa baadaye.

Sisi wa pwani tusijifanye hatuyajui haya. Neno letu "nyika" tulilitumia hivyohivyo. Majirani zetu wa Kenya, Wamijikenda, tuliwaita Wanyika miaka na miaka, maana yake watu wa porini, utadhani kaya zao na makaburi ya wazee wao ni vichaka. Ukimwita mtu kwa jina la pori, haikuchukui muda kuona kwamba pale alipo hapana mtu.

Sasa linganisha na kazi nyingine ya Kijerumani ambayo, naweza kusema, ndiyo imeandika nyika yetu kuliko zote: filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, ya mwaka 1959, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Jina lake linasema Serengeti isife. Waliipiga wakiruka na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Msiba ule hauna mzaha, na kazi yao ya kuhesabu wanyama ilikuwa kubwa. Hata hivyo, kama kazi ya sanaa, jicho lake liko juu. Kutoka juu nyumbu ni mto na mfugaji ni doa. Na Grzimek hakuficha msimamo wake: hifadhi ya taifa isikae watu, hata wenyeji.

Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo wataishi pamoja na wanyama. Jina Serengeti lenyewe limetoka kwenye Kimaasai. Kwa hiyo filamu iliitwa kwa neno la watu ambao haikuwataka ndani. Umeona tulivyorudi kwenye jalada la Velten? Maneno ni ya mtu mmoja, umiliki ni wa mwingine.

Na habari hii haijaisha. Tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Fungua kurasa za utalii za Kiswahili za miaka hiyohiyo: utakuta "mandhari ya kuvutia", utakuta "nyika isiyo na mwisho", na Mmasai kasimama pembeni na shuka jekundu, hana jina, hana kauli. Mwandishi amelipia gari, amepiga picha, amemaliza. Salim, pamoja na kasoro zake zote, asingeandika hivyo. Angetuambia alilala kwa nani.

Kwa nini mtu wa Mtwara ajali? Kwanza, nyika imeshatufuata huku kusini. Wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa mkoa wa Lindi, kwa jirani zetu. Mkulima wa korosho na mwenye ng'ombe wakakutana bila hadithi yoyote ya kuwasaidia kujuana. Yule tuliyezoea kumwona kwenye kalenda sasa anauliza njia ya kwenda mtoni, nasi hatuna hata msamiati wa kumsalimia.

Pili, sisi wenyewe tunaishi na neno "hifadhi". Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na vijiji kama Msimbati vimo ndani ya mipaka yake. Wavuvi wa huko wanajua uzito wa sheria ya nyavu kwenye sufuria ya jioni. Akija mtu na ndege yake ndogo akaandika "fukwe tupu za kusini", jamani, si tutamwuliza: tupu kwa nani?

Ombi langu kwa wanaoandika safari kwa Kiswahili ni dogo. Ukienda Ngorongoro, taja aliyekuonyesha njia, akikubali. Andika alichosema, hata kama kinaharibu sifa za mandhari. Uliza mahali panaitwaje kwa Kimaasai na kwa nini.

Na asiyekipata kitabu cha Velten, Lyndon Harries aliichapisha safari hiyo ya Siberia pamoja na tafsiri ya Kiingereza kwenye "Swahili Prose Texts" mwaka 1965. Kisome, kisha utuambie kama na wewe umeiona nyika yenye watu.