Kozi wa Wundanyi: Jina Lilimtangulia Ndege

Klipu mmeiona. Imepita simu hadi simu, sina haja ya kuwasimulia upya: jioni baada ya mvua, juu kidogo ya Wundanyi, kumbikumbi wanatoka ardhini, kozi mdogo ametua kwenye tawi kavu la mkaratusi, na sauti ya kiongozi wa msafara wa watazama ndege inasikika ikisema "Taita huyo!" hata kamera haijatulia. Ndege anapokuja kugeuza kichwa, jina limeshaingia kwenye orodha ya msafara. Ni refa aliyepuliza kipenga mpira ukiwa bado hewani.

Yule hakuwa kozi wa Taita. Alikuwa hobi wa Afrika, kozi mdogo mwenzake, mtu mzima, tena aliyejionyesha vizuri kuliko mahobi wengi mtakaowaona mwaka huu.

Tuirudishe nyuma. Mwanzoni ndege anatuelekea kwa kifua. Tunaona mambo matatu: kifua na tumbo vya rangi ya kutu, mgongo wa kijivu kilichokaribia weusi, na sharubu nyeusi inayoshuka shavuni. Kiongozi alihukumu kwa hayo matatu, na hayo matatu ndege wote wawili wanayo. Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza na kusubiri, kwa sababu swali la kozi wa Taita halijibiwi kifuani. Linajibiwa kooni.

Koo la kozi wa Taita ni jeupe. Weupe huo unapanda shavuni, unakatwa na sharubu nyembamba, kisha unakoma ghafla pale kutu ya kifua inapoanzia. Hata kwa darubini ya kawaida mpaka ule unauona. Sasa simamisheni klipu pale ndege anapoinama kumdonoa kumbikumbi aliyemshika kwa kucha. Koo lina rangi ya tangawizi iliyopauka, shavu vilevile, na rangi inakolea kidogo kidogo kushuka kifuani bila mpaka wowote. Mwanga wa jioni haugeuzi koo jeupe likawa vile, maana kwenye picha hiyohiyo kuna kinyesi cha ndege kwenye tawi, na kimebaki cheupe pe. Mwenye macho angelinganisha koo na tawi akamaliza kesi.

Kisha kichwa kinageuka, tunapewa kisogo. Kozi wa Taita ana mabaka mawili ya kutu kisogoni, yaliyokolea, hayatafutwi kwa tochi. Huyu kisogo chake ni cheusi kitupu. Nani alikuwa bado anatazama? Sauti zote kwenye klipu wakati huo zinapongezana.

Ushahidi wa mwisho ni pale anaporuka. Kozi wa Taita ni kipande cha ndege: kifua kipana, mkia mfupi, umbo la peregrini aliyepunguzwa, na anapiga mabawa kwa mapigo mafupi, magumu, ya haraka. Huyu wa Wundanyi ana mabawa marefu membamba, anajipinda huku na kule kama mbayuwayu, ananyaka kumbikumbi kwa mguu na kumla hukohuko angani. Kozi wa Taita naye hula wadudu akiwapata, sikatai, lakini riziki yake hasa ni ndege wadogo anaowapiga kwa mbio. Umbo, mwendo na kisogo vilikuwa vinasema jina moja. Kiongozi alikuwa ameshasema jingine.

Watetezi wake wana hoja moja tu: "Lakini tulikuwa Taita." Hoja hii nimeipinga miaka nenda rudi na nitaendelea. Reichenow na Neumann walimweleza ndege huyu mwaka 1895 kwa kielelezo kilichotoka huku, basi, watu wanaamini analindwa na kata. Anayetaka kumwona kwa uhakika zaidi husafiri mbali: magenge ya Blyde huko Afrika Kusini. Ni ndege wa majabali marefu, adimu, aliyetawanyika. Mkaratusi ukingoni mwa shamba, karibu na nyumba, ni makao ya hobi, ambaye hutaga kwenye viota vikuukuu vya ndege wengine mitini. Mahali panaweza kukuambia utarajie nani. Hapawezi kukuonea.

Na hizi simu! Nimeletewa picha tatu za ndege huyu, na katika mbili rangi imeongezwa mpaka kifua kinawaka. Ukikoleza hivyo pamoja na utofauti wa mwanga na kivuli, kijivu huelekea weusi, na chochote chenye nuru huelekea weupe, koo likiwamo. Halafu picha hiyohiyo inapewa programu ya kutambua ndege, ambayo nayo inaulizwa mahali ilipopigwa kabla ya kujibu. Jibu mnalijua. Kisha tunaambiwa "hata programu imekubali."

Leslie Brown, mtafiti wa tai, hakuwa na programu. Alirudi mlima uleule wa Embu mwaka baada ya mwaka kuandika mienendo ya tai kiota kwa kiota, na mwaka 1968 yeye na Dean Amadon walipotoa vitabu vyao viwili vikubwa kuhusu tai, vipanga na kozi wa dunia, umbo na mwendo vilipewa nafasi yake, si rangi peke yake. Wale wa Ngulia, ambao tangu 1969 wananasa ndege wahamaji usiku wa ukungu na kuwavisha pete, wanamshika ndege mkononi na bado wanapima bawa kwa rula. Mkononi! Sisi tunaamua kwa mita sitini na kumbikumbi usoni.

Ugonjwa huu si wa Taita pekee. Pwani kila kozi mweusi wa Novemba huitwa kozi wa Eleonora, hata anapokuwa kozi masizi aliyetoka visiwa vya Daymaniyat huko Oman, wote wawili wakielekea Madagaska. Angalieni chini ya bawa: Eleonora ana manyoya ya mbele meusi kuliko yale ya kurukia, masizi ana kijivu kimoja ambacho huiva kuelekea ncha. Na wale wa kestreli wanaoniambia "nimeona kucha nyeupe, kwa hiyo ni kestreli mdogo," nawauliza kila mara, kucha umezionaje kwa umbali ule? Kwa dume tazama mgongo usio na madoa na uso usio na sharubu, kucha uziachie wenye bahati.

Kwa haki niseme: kozi wa Amur wa safari ile walitambuliwa sawasawa, dume kwa weupe wa chini ya bawa, jike kwa miguu ya rangi ya chungwa, na wala hakuna aliyemchanganya jike na hobi wa Ulaya. Kozi lana wa asubuhi yuko sawa. Peregrini wa mwambani yuko sawa.

Ndiyo maana nakasirika. Msafara uliokuwa na macho ya kutenganisha jike la Amur ulishindwa kusubiri kisogo. Na rekodi hii haiishii kwenye sifa za mtu. Kozi wa Taita amewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka; ndege mmoja wa uongo kwenye ramani anamfanya mtu aamini kwamba mlima una kozi, na safari ijayo ataona anachoamini.

Kiongozi namheshimu, ametembea milima ile kuliko wengi wanaomshangilia. Bado orodha haijafungwa. Afute mstari ule, aandike hobi wa Afrika, mmoja, mtu mzima, akila kumbikumbi, na klipu aiambatishe bila kuongeza rangi.