Herufi Tatu na Mizani Yake

Wanasarufi wa Kiarabu walipotaka kipimo cha kupimia maneno, walichukua neno la kawaida kabisa, faala, yaani kutenda. Fe ikasimamia herufi ya kwanza ya mzizi wowote, aini ya pili, lamu ya tatu. Kipimo hicho wakakiita mizani, na kila umbo la neno likawa na uzani wake. Faail ni mtenda. Mafuul ni mtendwa. Mafaala, mara nyingi, ni mahali pa kutendea. Tia humo k-t-b, mzizi wa kuandika, utapata kaatib, maktuub na maktaba bila kufundishwa neno moja moja.

Watu wengi husifu mizizi. Mimi nahusudu zaidi uzani, kwa kuwa ndio unaofundisha sikio. Nasi Waswahili sikio hilo tunalo tayari. Tamka polepole: maalumu, mashuhuri, mahabusu, marehemu, makusudi. Mizizi ya maneno haya ni mbalimbali, lakini yote yametoka kwenye mafuul: kinachojulikana, aliyetangazwa, aliyefungwa, aliyerehemiwa, kilichokusudiwa. Tafsiri, tahariri na tasnifu nazo zimetoka kalibu moja. Na anayejua kwamba istighfari ni kuomba maghufira, hatashangaa kusikia istikhara ni kuomba kuchaguliwa la kheri, wala kwamba swala ya istiskaa ni ya kuomba mvua. Ule mwanzo, isti-, kazi yake kubwa hapo ni kuomba.

Aliyeshika kazi hii ya kupima maneno kwa subira kuliko wote ni Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, aliyefundisha Basra katika karne ya 8. Kamusi inayonasibishwa kwake, Kitab al-Ayn, inaanza na aini kwa sababu alipanga herufi kwa mahali zinapotamkiwa, kuanzia kooni hadi midomoni. Kisha akaupindua kila mzizi. K-t-b una mipangilio sita, na yote sita hukaa pamoja: ipi Waarabu wanaitumia, ipi wameiacha. Piga hesabu mwenyewe: herufi 28, ukichukua tatu zisizofanana, zinatoa mipangilio 19,656. Ndiye pia anayetambuliwa kuwa mwasisi wa arudhi, elimu ya kupima beti, na vipimo vyake, fauulun na mafaailun, vimejengwa kwa fe, aini na lamu zilezile.

Mitego ipo, na Mswahili ana yake peke yake. Ulimi wetu umezisawazisha herufi ambazo Kiarabu huzitenga. Safari na sifuri, kwa sikio letu, ni s-f-r zote mbili. Kumbe ya kwanza ina sini na ya pili ina swadi, wala hazina undugu. Elimu haianzi na irabu, inaanza na aini. Ki- ya kitabu ni kafu ya mzizi, ingawa sisi tumeifanya kiambishi tukapata vitabu. Ma- ya makaburi, kinyume chake, ni yetu wenyewe. Hata ndani ya Kiarabu mzizi hauahidi maana moja: j-m-l una uzuri, una jumla, una na ngamia, na wanaolazimisha hadithi ya kuziunganisha maana zote tatu hunichosha.

Kisha kuna herufi dhaifu, wau na ye, zinazojificha. Mizani yenyewe ni mfano: ukiitafuta katika kamusi iliyopangwa kwa mizizi, kama ile ya Hans Wehr iliyotoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 1952, huikuti kwenye mimu. Iko kwenye wau, w-z-n, karibu na uzani. Wau imegeuka ye kwa sababu ya kasra, alama ya irabu i, iliyoitangulia. Kuivua mimu, kuirudisha wau, ndipo ufungue ukurasa: hapo ndipo fundi hujulikana.

Kwa hiyo unayeanza, andika mzizi mmoja juu ya ukurasa wa daftari, chini yake upange kila uzani unaoujua, kisha ufungue kamusi uhakikishe kila neno kabla ya kuliweka wino. Uzani hukuonyesha neno linalowezekana. Kama Waarabu walilitumia au waliliacha, hilo utaambiwa na kamusi.