Msala Mpya na Mbacha wa Zamani

Sipingi serikali kutumia intaneti. Ni nani asiyekumbuka foleni za alfajiri, na faili "lililopotea" mpaka kitu kidogo kitolewe? Tovuti ya eCitizen nchini Kenya imewapunguzia wengi adha hiyo. Ninachopinga ni kuliziba dirisha la zamani kabla hatujajua kama mlango mpya utasimama.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za mtandaoni. Mwezi haukutimia, wavamizi wakaimiminia tovuti hiyo maombi mengi mno ili izidiwe. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba kuwa ndilo lililohusika. Maombi ya pasipoti yakakwama, tiketi za treni zikasumbua, na serikali ikabidi iahidi kuwapa wageni viza wakishafika. Tazama basi: siku ya shida, aliyeokoa jahazi ni karani na muhuri wake!

Hata siku ya amani, mtandao hauwatendei wote sawa. Mwenye simu nzuri hujihudumia kitandani. Ajuza asiye nayo humwendea kijana wa saiba, akamlipa, akamtajia namba ya kitambulisho na siri zake zote. Foleni haikwisha, imehamia dukani.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Serikali na itandike msala wake, lakini mbacha ubaki. Mzazi anayetafuta cheti cha mwanawe asiambiwe arudi mtandao ukiamka.