Panga Lililotiwa Matiko

Miongoni mwa wahunzi wachache waliosalia katika wilaya ya Muheza yuko mzee mmoja ambaye, akiisha kukata kipande cha springi ya lori kwa tindo na kukichomeka katika makaa, hasemi tena na mtu mpaka chuma kiive. Na yeyote aliyepata kuketi karibu na mivukuto yake hawezi tena kulitazama panga kuwa ni chombo duni cha shamba.

Panga likiisha kupata umbo, shingo nyembamba penye msuko, bapa likipanuka kuelekea kichwani ili uzito ukae mbele na kumpunguzia mkulima kazi ya bega, ndipo huja saa ya matiko, na hapo ndipo fundi hupambanuka na mpiga nyundo. Hulirudisha motoni mpaka wekundu uenee sawasawa, kisha hulizamisha majini upande wa makali peke yake, mgongo ukibaki nje, kwa kuwa chuma kilichopozwa ghafula huwa kigumu lakini huvunjika, na kilichopoa taratibu huwa kilaini lakini hustahimili pigo, na panga la haki lataka sifa zote mbili katika mwili mmoja. Halafu huyasugua makali kwa jiwe, hima, mpaka yang'ae, akangojea joto lililosalia mgongoni litambae kurudi: kimanjano hutangulia, kahawia hufuata, na nyuma yake buluu. Kahawia inapogusa makali, hulizamisha lote. Hana saa wala kipimo cha moto ila jicho lake, na jicho hilo hakuna kijana anayelirithi, maana wanawe wote wamekwenda mjini.

Maarifa haya si ya jana. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma cha Malindi na cha Sofala kuwa bidhaa yenye sifa, iliyovushwa mpaka Bara Hindi. Na huku bara, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, na Washana wa Ugweno huko Upare wakafua chuma kilichotafutwa na majirani zao. Hata mapanga ya kigeni ya Ralph Martindale wa Birmingham, yenye alama ya mamba, yalikuwa na heshima yao, na kadhalika zana za UFI, kiwanda kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China.

Marehemu baba yangu alikuwa na panga moja, urefu wake dhiraa kasoro kidogo, mpini wake wa mpera uliobanwa kwa noleo la shaba. Alilichomeka chini ya upenu, daima mahali pamoja, na kila jioni kabla ya kunawa mikono alilifuta utomvu na kulipaka mafuta ya nazi, kisha akalipitisha juu ya kinoo mara chache tu, polepole, akisikiliza. Alikuwa akisema kwamba anayenoa kwa pupa anakula chuma chake mwenyewe. Kwa panga hilo alifyeka shamba, alipasua kuni, alikata makuti na kuchonga vigingi. Na kwa kunolewa miaka mingi bapa lake lilikuwa limepungua upana karibu theluthi, wala makali hayakupata kupinda. Hakuna jirani aliyethubutu kuliazima, ilhali jembe lake lilizunguka kijiji kizima.

Leo twauziwa bati nene lililokatwa kwa mashine na kupakwa rangi, mpini wa plastiki, uzito umekaa mkononi badala ya kichwani. Pigo la kwanza juu ya kisiki makali hukunjika, na mwenye nalo hulitupa bila huzuni, akanunua jingine lililo kama hilo. Laiti wanunuzi wangemtazama muuza madafu mwenye panga la mhunzi, jinsi anavyolishika dafu kiganjani na kulichonga kwa mapigo matatu au manne yasiyo na nguvu yoyote, uzito wa panga wenyewe ukishuka, hata kifuu kikafunguka pasipo tone kumwagika! Hapo ubora wa chuma huonekana wazi, na mtu hahitaji kuambiwa. Unafuu wa bei sokoni ni hiana tunayojifanyia wenyewe, kwa kuwa anayenunua mapanga mabovu kila msimu amekwisha kulipa thamani ya panga moja jema, tena hana panga.

Basi, msomaji, kama kwenu yungali hai mhunzi ajuaye matiko, mpelekee springi, mwachie muda wa kufanya kazi yake kwa utulivu, na umlipe bei anayoitaja.