Gari Lishuke, Mgongo Usalimike

Ukitaka kujua kama gari limeshushwa na mtu anayeijua kazi, usiangalie pengo kati ya tairi na bodi. Mwangalie dereva anapokaribia tuta. Akikanyaga breki mita 30 kabla, akalikata tuta upandeupande, akakaza midomo kama mtu anayesubiri sindano, huyo ameuziwa sura ya gari. Nyuma yake anakuja mwingine, gari lilelile, limekaa chini karibu sawa. Anapunguza mwendo kama watu wote, tairi linapanda, linashuka, bodi inacheza mara moja na kutulia. Abiria wake hajakatisha hata sentensi.

Huyo wa pili ndiye tunayemtafuta. Mfano wangu utakuwa Subaru Impreza WRX, kwanza kwa kuwa ndiyo ninayoendesha, pili kwa kuwa Dar es Salaam na Nairobi zimejaa Impreza za mtumba kutoka Japani, na si chache zinazoshuka melini zikiwa tayari zimefungwa springi fupi au koilova (shokapu na springi za kurekebisha urefu) za mwenyewe wa kwanza. Mwenye Toyota Altezza naye atapata yake humu, ila pale nitakapofika kwenye mikono ya chini ya mbele hatahusika sana.

Tuanze na lawama inayokwenda kwa asiye na kosa. Gari likipiga, wote tunasema springi ni ngumu. Mimi pia nilisema. Impreza yangu ilikuja na koilova zilizoshushwa hadi mwisho, na miezi miwili ya kwanza kila shimo lilinifikia kwenye meno. Nikatafuta springi laini zaidi, nikalipa, zikafungwa. Gari likazidi kupiga. Nilidhani nimeuziwa springi zisizo zenyewe, nikarudi kwa fundi na maneno makali ambayo baadaye ilibidi niyaombee radhi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mtaalamu wa shokapu, kwa kifaa cha bei ya maandazi mawili: kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya. Alilipandisha gari kwenye jeki, akasogeza kifuniko cha vumbi, akaifunga kamba kwenye fimbo ya shokapu, kwa kukaza kiasi cha kuteleza ikisukumwa, kisha akaitelemsha mpaka ikagusa mwili wa shokapu. "Kazunguke, mwanangu, upite njia yako ya kila siku. Usiikwepe mitaro." Niliporudi, kamba ilikuwa imesukumwa juu hadi kwenye mpira wa kugotea, imejibana pale kama kupe. Akaniambia, "Unaona? Wewe huendeshi juu ya springi. Unaendesha juu ya mpira."

Mambo ni hivi. Kila shokapu ina urefu wa safari yake. Gari likiwa limesimama, fimbo imeingia kiasi fulani, na iliyobaki ndiyo nafasi ya kumezea mashimo. Mwisho wa nafasi hiyo upo ule mpira, kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma. Tuseme gari limetoka kiwandani na sentimita 8 za kubonyea kabla ya kuugusa. Ukilishusha sentimita 5 kwa kufunga springi fupi tu, umebaki na 3. Shimo la kawaida linazimaliza, na kutoka hapo ugumu haupandi taratibu, unaruka. Springi laini zinabonyea zaidi, kwa hiyo zinakufikisha kwenye mpira haraka zaidi. Ndiyo maana yangu ilizidi kuwa mbaya.

Basi swali la kwanza la mnunuzi mwenye macho ni hili: nikishusha gari, nafasi ya kubonyea inabaki kiasi gani? Ugumu wa springi unafuata baadaye. Hapa ndipo koilova zinapotengana, na huhitaji hata kuzifunga kujua. Ishike mkononi utazame chini yake. Aina moja ina nati za kupandisha na kushusha kikalio cha springi tu, kwa hiyo ukishusha gari unakula safari ya shokapu. Aina nyingine ina nati za springi pale juu, halafu bano la chini nalo limekatwa uzi na linazungushwa peke yake. Gari linashuka kwa kuzamisha mwili mzima wa shokapu ndani ya bano, na safari ya fimbo inabaki ileile, mradi tairi halijagusa bodi. Kwa barabara zetu nalipia hiyo ya pili bila kubishana sana na muuzaji.

Usiyetaka koilova una njia yenye heshima zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayowafaa wengi: springi za kushusha milimita 25 hadi 30 pamoja na shokapu zilizofupishwa kwa ajili yake. Watengenezaji wa shokapu Bilstein wanatenganisha jambo hili kwa majina: B6 ni ya urefu wa kawaida, B8 imefupishwa kwa gari lililoshushwa, na B12 ni B8 iliyofungashwa na springi za Eibach. Kuna watu wananunua B6, wanaweka springi fupi, kisha wanashangaa. Springi fupi kwenye shokapu ndefu ni suruali iliyokatwa miguu ikabaki na kiuno cha baba.

Sasa ugumu. Springi za Kijapani huandikwa kwa kilo kwa milimita, mfano 8K, yaani kilo 8 zinaibonyeza milimita moja. Chukua kona ya mbele ya Impreza, tuseme imebeba kilo 360 bila kuhesabu tairi na breki. Kwa springi ya 4K bodi itacheza karibu mara 1.7 kwa sekunde, kwa 5K karibu mara 1.9, kwa 8K mara 2.3 na ushei. Gari la kawaida la familia huwa kati ya mara 1 na 1.5. Ukipita 2 umeingia kwenye nchi ya magari ya mashindano, ambako dereva analipwa au amejilipia mwenyewe kuteseka. Mbele ya Impreza natafuta 4K hadi 5K, nasimama hapo. Nyuma nataka bodi icheze kwa kasi zaidi kidogo kuliko mbele. Hilo si langu, ni la Mwingereza Maurice Olley, aliyelifanyia kazi akiwa General Motors miaka ya 1930. Tuta hupigwa na matairi ya mbele kwanza, nyuma inachelewa; nyuma ikicheza haraka zaidi inaiwahi mbele, na bodi inatulia sawia badala ya kuinama na kuinuka kama mtumbwi.

Kuna fundi atakayekwambia, "Bosi, ya nini kupoteza hela, tunakata koili moja tu." Springi yenye koili 5 zinazofanya kazi, ukitoa moja ugumu unapanda asilimia 25, na ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kikalio chake, gari likipandishwa jeki springi inacheza huru. Wa kuchoma springi kwa gesi mpaka ilegee ni mbaya zaidi. Anaua ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na gari litaendelea kukaa chini wiki hata wiki, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Huyo mwambie kwaheri.

Springi inabeba, shokapu inatuliza, na kwenye shokapu ndiko pesa ilipo. Shokapu nzuri inajua tofauti ya miendo miwili. Mwendo ninaousema si wa gari, ni wa fimbo. Ukiingia kwenye kona au ukishika breki, fimbo inaingia polepole, na hapo unataka ikaze ili bodi isilale. Tairi likigonga ukingo wa lami, fimbo inarushwa ghafla, na hapo unataka ilegee ipitishe pigo. Shokapu ya bei ya chini imekaza kote, kwa hiyo muuzaji anasema "ya michezo" na mgongo unasema jingine. Koni wa Uholanzi walitengeneza FSD kwa kazi hiyohiyo, vali inayolegea mitikisiko ikija ya harakaharaka. Öhlins wa Sweden wana vali waliyoiita DFV, inayoruhusu mafuta yapite wakati wa kurudi kama yanavyopita wakati wa kubonyea, ili tairi lifike chini ya shimo badala ya kuning'inia. Kitasa cha kuzungusha chenye mibofyo 32 hakinishawishi. Mibofyo mingi juu ya vali mbovu inakupa namna 32 za kuumia.

Jaribio la kushika bonet na kubonyeza bodi, lile la kila gereji, linakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Kwa shokapu ya mtumba mkononi nafanya hivi. Napitisha ukucha kwenye fimbo, juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye mchubuko, seali yake haitakaa. Naisimamisha wima, naisukuma hadi mwisho na kuiachia. Ya bomba moja yenye gesi inanisukuma kwa nguvu halafu inarudi yenyewe, bila kusita. Ikiwa na mahali inaporuka kana kwamba hakuna kitu ndani, ndani kweli kumepungua kitu. Unyevu mwembamba kwenye seali nausamehe, mafuta yaliyoshika vumbi hapana. Impreza STI za miaka ya 2000 zenye shokapu za mbele zilizogeuzwa juu chini huwa zinagonga "ko" wakati wa kukata kona polepole. Mara nyingi ni grisi ya ndani iliyokauka, kwa hiyo usikimbilie kuitupa.

Kushusha sana kunaharibu kitu kingine ambacho macho hayaoni ukiwa umesimama. Impreza mbele inatumia mpangilio wa MacPherson, shokapu ikiwa ndiyo inayoshika tairi kwa juu. Chini ya bodi kuna mkono unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye tairi. Kiwandani mkono huo unainamia nje, au umelala sawa. Gari likishuka mno, upande wa tairi unapanda kuliko upande wa fremu, na hapo nguvu inayolilaza gari kwenye kona inapata mkono mrefu zaidi. Gari lililoshushwa sentimita 6 linaweza kulala zaidi kuliko la kiwandani, mwenyewe akaongeza springi ngumu kutibu ugonjwa aliouleta. Lala chini uangalie: mikono ikipanda kuelekea kwenye tairi, pandisha gari, au ununue boljointi ndefu za kurudisha pembe. Na kumbuka koilova nyingi za Kijapani zimewekewa vipimo kwa barabara za kwao, ambako gari linaruhusiwa kubaki na sentimita 9 tu kutoka ardhini. Kuna matuta huko Tabata, Dar es Salaam, yanayozidi hapo.

Maunti za juu chagua za mpira. Zile za beringi ya mviringo zinafaa wanaokimbia kwenye duara. Mjini zitakuimbia baada ya msimu mmoja wa mvua na vumbi. Rimu inchi 17 badala ya 18, ubakishe nyama ya tairi, kwa sababu hewa ya tairi nayo ni springi.

Ukienda kujaribu gari, epuka lami nzuri ambayo muuzaji atakupeleka. Tafuta rasta, yale matuta madogo yaliyopangwa mfululizo, upite kwa kilomita 40 kwa saa. Sikiliza kinachotokea kuanzia la tatu na la nne. Shokapu iliyokazwa mno kwenye kurudi haipati muda wa kunyooka kabla ya tuta linalofuata, kwa hiyo gari linajivuta chini, linajivuta chini, la mwisho linapiga kama nyundo ilhali la kwanza lilikuwa laini. Mwenye gari atasema rasta za pale ni mbaya. Halafu pitisha tairi moja tu kwenye shimo dogo: pigo moja lenye sauti nzito ni sawa, pigo kavu lenye mlio wa chuma ni kugota, kutikisika mara tatu ni shokapu iliyochoka.

Siku ya kufunga, simama pale. Bolti za bushi za mikono zisikazwe gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Fundi akizikaza hewani, gari likishuka bushi zinajisokota na kubaki zimesokotwa maisha yao yote, gari linakaa juu kidogo na linagoma kubonyea, mwenyewe anarudi kulaumu springi. Zikazwe uzito ukiwa juu ya matairi. Kisha alaimenti, siku hiyohiyo, maana kushuka kunabadilisha jinsi matairi yanavyoelekea na yataliwa ndani kabla hujajua.

Na ile kamba ya plastiki iache kwenye fimbo. Baada ya wiki moja ya njia yako ya kawaida, ipime. Yangu sasa inasimama kidole kimoja chini ya mpira, gari likiwa limepandishwa milimita 20 kutoka lilipokuwa. Majirani bado wananiuliza lini nitalishusha.