Linnaeus na vipepeo vyake: jina la jani limebaki, jina la cheo limeanguka



Wengi wetu wenye walipita katika biolojia, agronomia ao udaktari walikariri jina la Linnaeus kwa ajili ya mtihani, kisha wakaendelea na mambo mengine. Tuliambiwa ni baba wa kupanga viumbe, basi. Lakini kitabu chake chenyewe, Systema Naturae, ni wachache sana wamekifungua. Leo nataka tukisome sawa vile tunasoma hotuba ya mkubwa: tusifu penye kunastahili sifa, tukatae penye hakustahili. Nachukua chapa ya 10, ya mwaka 1758, na ndani yake nachukua vipepeo, juu hapo ndipo mawazo ya huyu Mswidi yanaonekana wazi.

Chapa ya kwanza, ya 1735, ilikuwa na kurasa chache tu. Ile ya 1758, juzuu ya wanyama peke yake, inapita kurasa 800. Ndiyo ilimpa kila mnyama majina mawili, la jenasi na la spishi, na mpaka leo wataalamu wanahesabu majina ya wanyama kuanzia tarehe 1 Januari 1758. Kwa hiyo hatuongelei kitabu kilichokufa.

Vipepeo aliwaweka katika mafungu matatu: Papilio, wa mchana, Sphinx, wa machweo, Phalaena, wa usiku, wenye watu wa pwani wanaita nondo. Na kazi yake juu ya nondo wadogo naisifu bila kusita. Alitengeneza majina yenye mkia unaosema kundi. Jina likiishia kwa -ella, ni Tinea. Likiishia kwa -ana, ni Tortrix. Likiishia kwa -alis, ni Pyralis. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaelewa akili hiyo upesi: ni ngeli, ila sisi tunaiweka mbele na yeye aliiweka nyuma. Ukisikia ki- na vi- unajua tayari uko wapi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye anafikiria msomaji wake.

Penye Papilio, mambo yanageuka. Wale wakubwa na wazuri aliwaita Equites, maana yake wapanda farasi, kama masharifu wa Ulaya. Akawagawa kwa vita vya Troya: wenye alama nyekundu kama damu kifuani ni Watroya, wenye hawana ni Wagiriki. Ndiyo sababu tunakuta Priamus, Hector na Paris upande mmoja, Ulysses, Menelaus na Nestor upande mwingine. Na wale wadogo? Aliwaita Plebeji, watu wa chini, kisha akawatenga tena: wa mashamba na wa mjini. Ni mchezo wa mtu aliyesoma Homeri, na unasaidia kumbukumbu, nakubali. Lakini ukubwa wa mabawa si undugu. Leo wale Plebeji wametawanywa katika familia mbalimbali, na cheo cha Equites hakuna anayekitumia tena.

Sasa angalia majina mengine ya mtu yuleyule, katika kitabu kilekile: brassicae, wa kabichi, urticae, wa upupu wa kwao, cardui, wa mbaruti, mori, wa mforsadi, ndiye nondo wa hariri. Hapo jina linakuambia kiwavi anakula nini. Mkulima anaweza kulitumia. Mwanafunzi anaweza kwenda kwenye mti huo na kumtafuta.

Kwa nini tofauti hiyo? Mimi naona hivi. Vipepeo wengi wa Uswidi aliwajua wakiwa hai, na majani yao. Wale wa nchi za joto aliwaona wamekauka juu ya sindano, katika makusanyo ya watu kama Malkia Lovisa Ulrika. Hakuna kiwavi, hakuna mti. Mtu akikosa jani, anajaza nafasi na Homeri. Si sheria kamili, juu Machaon anaishi Ulaya na bado alipewa jina la mganga wa vita vya Troya. Lakini mwelekeo unaonekana. Na hakuweza kusema kwamba haiwezekani: Maria Sibylla Merian alikwenda Suriname mwaka 1699, na kitabu chake cha 1705 kinachora kiwavi, kifukofuko na kipepeo pamoja na mmea. Linnaeus alikijua na alikitumia.

Hapo njo shauri langu kubwa. Katika juzuu hiyohiyo, kurasa nyingi mbele ya vipepeo, alipanga binadamu pia. Akatoa mafungu manne, na kila fungu akalipa tabia: Mzungu anaongozwa na sheria, Mwafrika anaongozwa na matakwa ya ghafla. Afrika hakufika hata siku moja. Ni kosa lilelile la Equites na Plebeji: kutazama ngozi kwa mbali, kisha kuandika cheo kama vile ni maumbile. Kwa kipepeo, kosa hilo halikuumiza mtu. Kwetu liliumiza, na babu zetu wenye walipangwa kwa vitabu na vitambulisho vya mkoloni wanajua.

Wengine watasema: hayo ni ya zamani. Hapana. Katika misitu ya upande wa Kisangani, watu wanangojea kila mwaka viwavi vya mti wa sapelli. Ni chakula, ni feza ya shule. Katika vitabu nondo huyo anaitwa Imbrasia oyemensis, kwa jina la Oyem, mji wa Gabon. Jina hilo ni halali, silipingi, lakini halisemi kitu juu ya mti. Jina la sokoni, kiwavi cha sapelli, linasema kila kitu: ukikata sapelli yote kwa ajili ya mbao, unakata na chakula. Kampuni ikileta ripoti yenye majina ya Kilatini peke yake, kiungo hicho kinapotea kwenye karatasi mbele ya kupotea msituni.

Sisemi tutupe Kilatini. Bila majina mawili ya 1758, mtafiti wa Lubumbashi na wa Stockholm hawangeelewana. Nasema wenye wanaandika memwari na ripoti waweke jina la kijiji na jina la mti pembeni ya lile la kitabu, kwa uzito uleule. Linnaeus mwenyewe, siku alipoandika brassicae, alifanya hivyo.

Kwenu mnaitaje viwavi vyenye vinaliwa, na vinakula mti gani? Andikeni hapa chini, tukusanye.