Chungu cha Kupikia Chenye Taji

Chini hakina makuu: kitako chembamba, na mwili unaotanuka polepole kuelekea juu. Makuu yako mdomoni. Hapo yanachomoza masikio manne makubwa yenye matundu na mikunjo, kila moja limesimama kama kilemba cha jogoo, na baina yake ukingo wote umekatwa meno ya msumeno. Wajapani hukiita chungu cha miali ya moto. Vyungu vya namna hii vilifinyangwa yapata miaka 5,000 iliyopita kandokando ya mto Shinano, Niigata, na watu wa zama za Jomon waliowinda kulungu na nguruwe mwitu, wakavua samaki na kuokota kokwa za msituni.

Gurudumu la mfinyanzi hawakuwa nalo. Udongo uliviringishwa kama kamba, mkunjo ukawekwa juu ya mkunjo, maungio yakasuguliwa mpaka yakapotea. Hapa ndipo subira inapotakiwa. Udongo ukiwa mbichi mno, uzito wa masikio huangusha ukuta. Ukikauka mno, kipande kipya hakishiki. Mfinyanzi alipaswa kuijua saa ya katikati, na kuingoja. Kisha akapitisha mwanzi uliopasuliwa kati, yakainuka matuta membamba yanayopinda, yanayojisokota, yanayofuatana mwili mzima. Vyungu vingi vya Jomon vilipambwa kwa kuviringisha kamba juu ya udongo, kazi ya muda mfupi. Hivi vya miali alama ya kamba ni adimu. Nafasi yote imejazwa mstari mmoja mmoja. Na baada ya taabu yote hiyo, vikatiwa kwenye moto wa wazi, bila tanuri.

Kinachonistaajabisha zaidi ni masizi. Ndani ya baadhi ya vyungu hivi kumegandia chakula kilichoungua: vilikaa jikoni, vikapika. Aliyepakua alipitisha mkono kati ya masikio yale. Mpishi mwenye haraka angeyavunja siku ya kwanza, lakini vijiji vya bonde lile viliendelea kuyafinyanga kwa karne kadhaa.

Kimoja mashuhuri kilipatikana Umataka, Nagaoka, mwaka 1936. Vile vya Sasayama, mjini Tokamachi, vilitangazwa Hazina ya Taifa mwaka 1999. Kati ya hivyo vya Sasayama, kinachosifika kuliko vyote kina kimo cha sentimita 46.5. Kwa hukumu yangu, hakuna chungu cha kupikia kilichofinyangwa kwa ujasiri kuliko hiki, na aliyekifinyanga hakuwa na shamba la mpunga wala mfalme wa kumtumikia.